Siku Tuliyopoza Mayai ya Trauti

Hadi leo nikinusa gunia la katani lililoloa maji, narudi kwenye kibanda cha mawe chini ya Mlima Elgon, nje ya Kitale, ambako Baba alitunza mayai ya trauti. Hao ni samaki wa maji baridi ambao wazungu walipandikiza kwenye mito yetu ili wapate wa kuvua.

Sisi tulikuwa watu wa Myanga, kule chini Bungoma, tuliozoea joto, na mimi niliwahurumia sana samaki hao. Mayai yao ya rangi ya papai yalilala katika maji yaliyouma vidole.

"Mama, si wanasikia baridi?"

"Hao baridi ndiyo blanketi yao, Nekesa," alinijibu.

Kiangazi kimoja, Baba akiwa Bungoma kwenye mazishi ya shangazi yake, nyati walibomoa mfereji ulioleta maji kutoka chemchemi ya msituni. Asubuhi tulikuta birika la mayai limenyamaza. Maji yalisimama, na bati la paa lilikuwa limeanza kulia kwa jua. Ndani ya mayai macho madogo meusi yalikuwa yameshaonekana.

Mama alitia mkono, akashtuka. "Yanapata moto! Baba yako alisema yakiwa hivi vifaranga watatoka mbio, wadhaifu, au wafie humo humo."

Akatoka nje akapiga ukemi. Wanawake wa kambi yetu ya wafanyakazi wakaja na madebe na nyungu, mbele yao Mama Chebet, jirani yetu Msabaoti.

"Ati tunatekea samaki maji?" alicheka. "Si wao ndio hukaa majini, bana!"

Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika njia ya chemchemi. Tulijipanga, madebe yakapita mkono kwa mkono hadi birikani. Mimi, kwa vile nilikuwa mwepesi, nilipanda juu ya paa nikatandaza magunia mabichi, nikayamwagia maji hadi bati likafuka mvuke. Mgongo uliniwaka, nami sikushuka. Jioni wanaume walipomaliza kuziba mfereji, Mama alitia mkono tena, akauchomoa haraka.

"Yanauma!"

Vigelegele vilivyopigwa vilikuwa vya mtu aliyejifungua salama.

Baba aliporudi alikagua trei zote za mayai, kisha akamkumbatia Mama mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mayai yaliendelea kungoja, polepole, mpaka wakatoka vifaranga wenye vifuko vya chakula tumboni. Siku ya kuwaachia mtoni, wote waligeuza vichwa wakaukabili mkondo. "Wetu hao!" akapaza sauti Mama Chebet, na hakuna aliyembishia.

Nilidhani tuliwaokoa na kiu. Ukubwani ndipo nilipoelewa yale maneno ya Mama, kwamba joto lingewaharakisha kutoka kabla mwili haujajengeka. Ile baridi niliyowaonea huruma ndiyo iliyowapa muda wa kuwa samaki, na muda huo tuliwaletea sisi, kwa mikono yetu.