Bi Onja na Mchezo Uliotoka Sinema

Bi Onja hakuwa mtu wa sinema. Ukimkalisha mbele ya filamu dakika ishirini, usingizi unamchukua mdomo wazi. Vitabu vya katuni hakuvisoma, na vikaragosi vya televisheni alivipa kisogo tangu alipoanza kuota chunusi. Hata hivyo, mtaa mzima ulijua kwamba ukitaka kufahamu mchezo gani wa video uliotokana na filamu au katuni unafaa kuwekwa kwenye skrini, na upi unafaa kuwekwa chini ya mguu mfupi wa meza, wa kuulizwa ni yeye.

Ukumbi wake wa michezo ya video ulikuwa chumba kirefu chenye skrini sita, viti kumi na viwili vya plastiki, feni mbili, na kabati la chuma la diski ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni. Jina la Onja alipewa na wateja, kwa sababu hakununua mbuzi kwenye gunia. Kila mchezo mpya aliucheza mwenyewe kwanza, saa moja asubuhi, mlango ukiwa umefungwa.

Kipimo chake kilikuwa kimoja. Hakuangalia picha wala kusikiliza muziki. Alimwangalia mchezaji pale anaposhindwa. Akitazama padi aliyoishika na kuitikisa, mchezo ni mbovu: anaona ameonewa, na mtu aliyeonewa harudi. Akitazama vidole vyake mwenyewe, mchezo ni mzuri: anajua kosa ni lake, na atarudi kulirekebisha hata kama mvua inanyesha.

Kwa kipimo hicho, michezo mingi ya sinema ilianguka. Hutengenezwa mbiombio ili iwahi siku ya filamu kutoka, kama gauni linaloshonwa huku bibi harusi anasubiriwa mlangoni: mbele linang'aa, mgongoni ni pini tupu. Ile mizuri, alisema Bi Onja, mara nyingi ni ile ambayo mtengenezaji wake hakuwa na haraka.

Ukumbi haukuwa wake peke yake. Ulifunguliwa na marehemu mumewe pamoja na mdogo wake, na mume alipofariki, nusu yake ilibaki kwa mke. Nusu nyingine ilikuwa ya shemeji, fundi wa madishi ya televisheni, mtu mkarimu wa maneno na mpenzi wa mabango. Jumamosi moja adhuhuri shemeji huyo aliingia na diski mkononi na bango kwapani.

"Shemeji, leo nimekuletea dawa."

"Nani anaumwa?"

"Ukumbi. Filamu ya Tarishi wa Mafuriko imetoka juzi, watu wanagombania tiketi. Huu ndio mchezo wake. Tunauweka skrini zote sita."

"Umeucheza?"

"Nimeona bango."

"Basi tubandike bango, watu walicheze hilo."

Kinyozi wa chumba cha pili, aliyekuwa amesimama mlangoni na mashine yake, alicheka mpaka mteja wake akapiga kelele kutoka ndani kwamba kichwa chake bado ni nusu.

Shemeji hakucheka. "Mwaka jana nilileta mchezo wa filamu ya yale majitu, ukaukataa. Juzi wa wale wanasesere, ukaukataa. Hiki chumba ni cha watu wawili, lakini mwenye ufunguo ni mmoja, kama jela."

"Ule wa majitu ulichukuliwa na wale wenye ukumbi nyuma ya soko. Wako wapi leo?"

"Wamefunga. Lakini si kwa sababu ya majitu!"

Maneno yaliwapeleka kwa shangazi, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemlea marehemu na mdogo wake. Shangazi aliwasikiliza, akachana karatasi ya daftari, akaandika: tangu Jumatatu, shemeji apewe skrini nne kwa mchezo wake, Bi Onja abaki na mbili. Jumapili saa kumi jioni, ambaye skrini zake zitakuwa na watu wengi wanaosubiri zamu ndiye atakayechukua ufunguo wa kabati, na kuchagua michezo tangu siku hiyo.

"Na atakayeshindwa?" aliuliza shemeji.

"Atakaa mlangoni, apokee wateja," alisema shangazi. Akawatazama wote wawili, akaongeza kwa wino, "na anyamaze."

Kwa Bi Onja haikuwa adhabu ndogo. Kupokea wateja mlangoni angeweza kufanya mtu yeyote mwenye mikono miwili. Kuchagua ndiyo kazi aliyoijua, na hakuwa na nyingine.

Jumatatu aliweka mchezo mkongwe uliotokana na katuni za watoto, Kondoo wa Zimamoto, ambao wachezaji wawili wanashika bomba moja la maji. Mmoja akivuta kushoto na mwingine kulia, nyumba inaungua, nao wanaanza kulaumiana. Wachumba waliupenda sana. Mpaka mchana viti vyake vilikuwa vimejaa. Kwenye skrini nne za Tarishi alikaa mzee mmoja aliyekuwa anafuata feni.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu walikuwa wameshaumwa na michezo ya sinema mara nyingi. Walisoma bango, wakauliza, "Ni wa filamu?" kisha wakaenda kwa kondoo.

Shemeji alisimama mlangoni akiita wapita njia. "Karibuni! Kizuri chajiuza!"

"Sasa mbona wewe unakitembeza?" aliuliza kinyozi.

Jumanne alasiri muuguzi mmoja aliyetoka zamu alikosa nafasi kwenye kondoo, akakaa kwa Tarishi ili apumzishe miguu tu. Baada ya dakika mbili tarishi wake alitumbukia majini. Muuguzi akakunja na kukunjua vidole vyake, akivitazama. Akaanza upya. Akatumbukia tena, akavitazama tena. Bi Onja, akiwa anafuta vumbi kwenye kiti kisichokuwa na vumbi, aliliona hilo.

Jumatano saa moja asubuhi alijifungia, akaitia ile diski.

Watu walikuwa wamemsimulia kwamba kwenye filamu tarishi anaruka juu ya mapaa ya mji uliofurika kama ndege. Kwenye mchezo, mfuko wa barua ulikuwa na uzito. Kila barua uliyokubali kuibeba ilifupisha mruko wako, na ikilowa, ilikuwa nzito mara mbili. Ilibidi uchague barua ya nani uiache juu ya paa. Bi Onja alitumbukia mara tisa. Mara ya tisa alijikuta anatazama dole gumba lake mwenyewe.

Akageuza kasha, akasoma yale maandishi madogo ambayo hayasomwi na mtu. Waliotengeneza mchezo walianza na kitabu cha katuni, miaka minne kabla. Filamu iliwakuta njiani.

Mwingine angefurahi kwa ajili ya ukumbi, au angelia kwa ajili ya ufunguo. Bi Onja alihesabu siku. Muuguzi atawaambia wawili, nao watawaambia wengine. Ijumaa kutakuwa na foleni, na Jumapili yeye atakuwa mlangoni, kimya. Bidhaa hii ilikuwa na bei moja leo na nyingine keshokutwa, na mwenye nayo alikuwa hajui. Alinawa uso, akafungua mlango, akamwomba kinyozi amwangalizie ukumbi, akaenda kumtafuta shemeji kazini.

Alimkuta juu ya ngazi, akikaza dishi kwenye ukuta wa mteja.

"Umekuja kunicheka?" aliuliza shemeji bila kugeuka.

"Nimekuja tuvunje lile shindano."

"Wakati unashinda?"

"Nikishinda nikabaki na shemeji mwenye kinyongo, nitakuwa nimepata nini?"

Shemeji aliacha kukaza. "Unataka nini?"

"Kila mtu akae kwenye kazi yake. Mimi nachagua michezo, ufunguo unabaki kwangu moja kwa moja. Wewe unashika mabango, matangazo na umeme."

"Na mchezo wangu?"

Bi Onja alishika ufunguo shingoni, kama anayepima kitu ambacho ameshaamua kukitoa.

"Uendelee. Skrini zako nne, mpaka mwisho wa mwezi."

"Mpaka mwisho wa mwaka."

"Miezi mitatu."

"Na bango mlangoni."

"Dogo."

"Shemeji!"

"Haya, kubwa."

Shemeji aliteremka haraka, Bi Onja asije akabadili mawazo. Kabla ya saa nane walikuwa mbele ya shangazi, aliyeandika karatasi mpya, kisha akamtazama Bi Onja juu ya miwani.

"Unayeshinda ni wewe, na anayeomba suluhu ni wewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mh," alisema shangazi, ambaye katika miaka arobaini ya ualimu alikuwa amezisikia ndiyo za kila aina. "Tieni sahihi hapa."

Uongo Bi Onja hakuusema. Hakuna aliyemuuliza kama mchezo ni mzuri.

Jumapili saa kumi foleni ya Tarishi ilitoka mlangoni, ikapita benchi la kinyozi na kupinda kwenye kona. Shemeji aliitazama mara mbili, akaingia ndani polepole.

"Ulijua."

"Tangu Jumatano asubuhi."

"Yaani ulikuja pale kwenye ngazi ukiwa unajua! Ungeniambia."

"Diski ilikuwa yako tangu Jumamosi, shemeji. Hukuikalia hata dakika moja."

"Nitakwenda kwa shangazi."

"Nenda. Sahihi yako iko huko."

Shemeji alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, wateja wakimpita kushoto na kulia. Hasira ilimpanda, ikakaa kidogo, ikakosa pa kwenda. Miezi mitatu ya skrini nne zilizojaa ilikuwa yake pia, na hesabu hiyo hata yeye aliiweza.

"Ni mzuri kweli?" aliuliza mwishowe.

Bi Onja alimvutia kiti kilichoachwa wazi muda huo. Waliokuwa kwenye foleni wakalalamika.

"Tulieni, huyu ni mwenye mali," aliwaambia.

Shemeji alitumbukia majini kabla hata ya paa la pili. Akaanza upya, akatumbukia. Mara ya nne muda wake uliisha, akageuka kuomba aongezewe, na Bi Onja akamwonyesha kwa kidole foleni inapoanzia.