Aliyewaonjea Wengine

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huanza kunijia kwa harufu kabla haijanijia kwa maneno: harufu ya kimea cha mtama kilichochachuka, ya moshi wa kuni, na ya vumbi la Chang'ombe wakati wa kiangazi. Ni Jumamosi mchana. Mdogo wangu Yona amesimama katikati ya kilabu cha pombe, kavaa shati jeupe na tai, kalamu mbili mfukoni, kata ya kibuyu mkononi. Watu wote wamenyamaza wanamsubiri. Anapiga funda moja, anafumba macho, anainua uso kama anayesoma kitu kwenye paa, kisha anasema, "Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, pombe hii imefaulu. Daraja la pili, ngazi ya juu!" Na watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu yenu. Juzi jioni, ninyi wapangaji wangu mnaosoma chuo huko Chimwaga, mlikaa uani mkipanga namna ya kupata hela ya matumizi. Mmoja akasema atacheza muziki baa akiwa na fulana ya kampuni ya bia. Mwingine atawarudisha walevi makwao kwa bodaboda, na anayeimba njiani atalipa nauli mbili. Wa tatu atafungua darasa la kuwafundisha wanaume kuomba radhi kwa wake zao Jumapili asubuhi. Nilikuwa nachambua mlenda, nikacheka nanyi. Halafu nikauacha mlenda pale pale, nikaingia ndani. Mkadhani nimechukia. Sikuchukia. Kicheko kile nilikwisha kukisikia zamani, na najua kilikoishia.

Sisi kwetu ni upande wa Mvumi. Baba alitangulia, mama naye hakukawia kumfuata. Tulibaki wawili, mimi na Yona. Nilikuwa darasa la sita, na mwalimu alikuwa akisema nitafika mbali. Sikufika. Nilikuja mjini na mdogo wangu, nikapanga chumba kwa Bibi Nyemo, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akipika ujimbi, ile pombe yetu ya mtama, tangu kabla sijazaliwa. Mimi nikashika mwiko. Kila alfajiri nilikoroga uji wa ulezi nikaupeleka stendi ya mabasi. Niliapa moyoni kwamba shule iliyonikatikia mimi itaendelea kwa Yona, na siku atakapopata cheti tutakuwa tumesoma wote wawili. Hicho ndicho nilichokitaka duniani, mwanangu. Sikuwa na kingine.

Yona akafika chuo, hapa hapa mjini. Lakini ilikuwa miaka ile ya biashara huria. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa sabuni za kunukia na bia za makopo kutoka nje; kila kitu kilikuwepo isipokuwa cha kukinunulia. Tena serikali ikasema gharama za masomo wazazi nao wachangie. Sisi wazazi wetu walikuwa wamelala Mvumi.

Mkono mtupu haulambwi. Yona na mwenzake Kamugisha, kijana wa Bukoba aliyekuwa akilala naye bweni moja, wakatazama mji mzima wakauliza: watu hawakosi hela ya nini? Wakaona ni ya pombe. Wakaanza. Waliokota vizibo vya bia kwenye mabaa, wakavitoboa kwa msumari, wakavitunga kwenye nyuzi vikawa mapazia ya milangoni. Walichora vibao vya vilabu kwa herufi nzuri. Kimoja kiliandikwa "MKEO AKIJA TUTASEMA HATUKUJUI", na kikaleta ugomvi katika nyumba nyingi. Walichukua machicha, yale makapi yanayobaki pombe ikishachujwa, wakayapeleka kwa baiskeli kwa wafuga nguruwe. Siku moja mama mmoja akaja analalamika kwamba nguruwe wake wanakoroma mchana kutwa.

"Mama," Kamugisha akamjibu, "mnyama asiye na mawazo ndiye anayenenepa."

Yule mama akacheka, akaagiza mengine. Nami nilikuwa nacheka. Hakuna ubaya niliouona katika hayo, na hata leo siuoni. Mikono yao ilinuka pombe, lakini vinywa vyao vilinuka uji wangu.

Sasa nikueleze desturi, maana bila hiyo hutaelewa yaliyofuata. Kwetu Ugogo, na nadhani kwa watu wengi wa bara, anayekukaribisha pombe huionja kwanza mbele ya macho yako. Haonji kwa kiu. Anakuambia bila maneno: nimeipika mimi, kama ina ubaya, nitangulie mimi. Zamani hilo halikuwa tatizo, kwa sababu aliyeuza ndiye aliyepika. Lakini miaka ile kila mtu aligeuka mfanyabiashara. Pombe ililetwa kilabuni kwa madebe na watu walioichukua kwa watu wengine, na uvumi ulienea kwamba wapo wanaotia vitu ili iwe kali upesi. Wanywaji wakawa wanadai, onja kwanza. Na wauzaji wengi walikuwa wameokoka. Kuuza hawakuona dhambi. Kuonja ndiko walikoona dhambi.

Basi siku moja muuzaji na wateja walikuwa wakibishana juu ya debe, huyu haonji, wale hawanywi. Yona alikuwa pembeni anafunga machicha kwenye baiskeli. Akasema kwa utani, "Lileteni hapa, serikali ikague." Akaonja, akatoa hukumu kwa sauti ya mkuu wa chuo. Kilabu kizima kikaanguka kwa kicheko, na debe likanunuliwa likaisha. Kesho yake wakamwita tena. Wakampa jina: Mkaguzi. Ikawa debe jipya haliguswi mpaka Mkaguzi afike na tai yake. Malipo yalikuwa sarafu chache, pamoja na kile kilichobaki katika kata.

Kamugisha alikuwa wa kwanza kuona. "Mwenzangu, mimi pombe naibeba kwa baiskeli. Wewe umeanza kuibeba kwa tumbo."

"Tumbo halipati pancha," Yona akamjibu.

Mzaha mzaha, hutunga usaha. Na chovya chovya humaliza buyu la asali.

Jumamosi ile niliyokuanzia nayo, nilikuwa nimepita kilabuni kumwita Yona aje ale. Bibi Nyemo akaingia na debe lake kichwani. Vijana wakapiga kelele, "Na ya bibi ikaguliwe!" Yona akainama kwa mbwembwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete hiyo kata." Akaichukua, akachota, akanywa mwenyewe. "Yangu nimeshaionja. Hizi nyingine unazowaonjea, nani kazipika?"

"Sijui, bibi. Ndiyo maana zinahitaji mtaalamu."

Watu wakacheka. Bibi akasubiri wamalize.

"Zamani tukiokota nyama porini, hatujui mnyama kafa kwa nini, tulimtupia mbwa kwanza. Mbwa akishinda salama, nasi tunakula. Hawa hawafurahi kwa sababu unawachekesha, mjukuu wangu. Wanafurahi wamempata mbwa anayevaa tai."

Yona akatabasamu, akasema, "Lakini mbwa hana cheti cha chuo, bibi."

"Na wewe bado huna."

Ah, mwanangu. Safari hii walimcheka yeye, na yeye akacheka kuliko wote, kisha akachota tena. Bibi akanigeukia. "Damari, mwondoe huyu leo. Kesho atakuwa mzito."

Nilimwondoa. Nilimwondoa siku hiyo, na siku nyingine nyingi nisizozijua idadi. Nilimkemea, nikamwombea, nikahamisha sufuria yangu ya uji kutoka stendi nikaiweka karibu na lango la chuo ili nimwone akiingia. Nilimwambia, "Yona, acha. Uji unatosha."

Akaniambia kwa upole, "Unatosha tumbo, dada."

Ukaja mtihani wa mwisho. Asubuhi hiyo alivaa vizuri, akanywa uji, akaniambia anapita dukani kununua wino. Nikaona wenzake wote wameingia. Baadaye kidogo Kamugisha akatoka mbio kwenye chumba cha mtihani, akiwa ameomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Dada Damari, Yona hajaingia!"

Niliiacha sufuria motoni. Nilijua pa kwenda. Nikamkuta kilabuni, shati safi, kalamu mbili mfukoni, mbele yake madebe yamepangwa mstari kwa sababu palikuwa na arusi mchana ule, na wenye arusi hawakutaka kuchukua pombe isiyokaguliwa. "Onja tu kidogo, Mkaguzi, tunakuwahisha," walikuwa wamemwambia. Kidogo kidogo hiyo ilikuwa imefika debe la mwisho.

"Naja, dada. Nimalizie ukaguzi."

Hakuna aliyeniambia mchukue. Walinitazama kama mtu aliyekuja kuharibu shughuli. Nikamshika mkono kama nilivyomshika siku tulipotoka Mvumi, nikamvuta mpaka chuoni, aproni yangu imejaa uji. Msimamizi wa mtihani alikuja mlangoni. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, muda wa kuingia umepita," akasema. "Na hata kama ungekuwa haujapita, mwangalie."

Nikamwangalia. Ndipo mlango ulipofungwa.

Tulikaa ukutani kwenye kivuli. Sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Nilimwuliza tu, "Kwa nini leo, Yona? Kwa nini leo?"

Akasema, "Humo ndani wangeanza bila mimi, dada. Kule hawaanzi mpaka nifike."

Mwanangu, jibu la neno hilo nimelitafuta mpaka nimezeeka, sijalipata. Mtoto aliyezika mama yake mapema, nani mwingine alikuwa amewahi kumsubiri? Mimi nilikuwa namsubiri kila siku kwenye sufuria. Haikutosha. Mapenzi yangu yalikuwa kama uji wangu. Yalishibisha tumbo tu.

Chuo hakikumrudisha. Nilimpeleka Mtera kwa watu wa kwetu wanaokausha samaki, nikidhani hewa ya bwawa itamsafisha. Alirudi baada ya msimu, wamemwita Mkaguzi na huko. Bibi Nyemo alikufa akiniusia nisimfukuze. Kamugisha alimaliza, akapata kazi mbali, akaja kuniaga analia. Aliniachia pazia la vizibo, la mwisho alilotunga. Ndilo hilo mlangoni kwangu, mnalopita kila siku likilialia mabegani mwenu.

Na yule mzee mwembamba anayekaa kwenye kigoda karibu na jiko, mnayemwamkia shikamoo naye anawajibu "mmefaulu", na ninyi mnacheka mkidhani ni wazimu wa uzee, huyo ndiye Yona. Siku hizi vilabuni hawamhitaji. Pombe inakuja imefungwa viwandani, kila mtu anafungua yake, hakuna amwonjeaye mwenzake. Wale waliokuwa wakicheka wengine wamekufa, wengine wana wajukuu. Hajaja hata mmoja kumwuliza hali. Kichaa wa jirani huchekesha; akiwa wa kwenu, unabaki naye peke yako.

Sasa sikiliza nikuambie wazi, maana mimi si mtu wa kuficha maneno. Njaa ikikubana, fanya kazi hata penye pombe. Beba makreti, tunga vizibo, chora vibao, peleka machicha kwa nguruwe na waache wakorome. Mikono huoshwa. Lakini usiuze kinywa chako. Usikubali kazi ambayo mwili wako ndio kipimo cha kuwaonyesha wengine kwamba kitu ni salama, hasa kitu usichokipika na usichokijua. Na pale wanapokushangilia, jiulize: siku mlango utakapofungwa, nani kati ya hawa atakaa nami ukutani? Ukiona hayupo, shika njia uondoke wangali wanacheka.

Siahidi kwamba ukishika maneno haya utapona. Yona naye aliambiwa, tena na aliyejua zaidi yangu, na wakati ulikuwa bado upo. Nimeishi nikijua kwamba neno jema linaweza kusemwa siku yake na saa yake, na bado lisiokoe. Nakuambia hata hivyo. Kunyamaza kungekuwa kukupa kikombe bila kukionja kwanza mbele yako.

Kila asubuhi nampelekea uji. Hagusi kikombe mpaka kwanza nikinywe mimi mbele yake. Nakunywa funda moja. Ananitazama usoni, anangoja kidogo, kisha anasema, "Imefaulu, dada." Ndipo anakunywa.

Mungu wa wazazi wangu akupe, mwanangu, kikombe kilichoonjwa na aliyekipika. Akupe mtu wa kukusubiri, na akupe macho ya kumwona anapokusubiri. Na mlango wako utakapokuwa unafungwa, ukukute uko ndani.