Kibanio cha Springi na Jani la Sale

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali kwa parachichi. Miti ilizaa mpaka matawi yakavunjika, nyama ikasahaulika, hata mbwa walinenepa. Nikishiba hivyo husinzia, na nikisinzia barazani kwangu Elerai nilikuwa naisikia pikapu ya marehemu mume wangu ikipanda kilima, ikikohoa kidogo, halafu ule mvumo mzito kama nyuki ndani ya mzinga. Nikifumbua macho, kimya. Ukungu wa Meru tu, na pikapu imekaa juu ya mawe, imekufa mwaka wa tatu.

Mjukuu wangu wa kike, aliyesomea ufundi wa magari, akasema, "Bibi, naifufua hapahapa nyumbani." Mwanangu wa kwanza akacheka. Alikuwa keshamwahidi injini mnunuzi wa vyuma chakavu, bila kuniuliza mimi mwenye mali.

Mjukuu akafungua kichwa cha injini, wenyewe wanaita silinda hedi. Kila valvu imeshikwa na springi ngumu, na springi imezuiwa na vipande viwili vidogo kama punje za mahindi. Mafundi wengi huvitoa kwa nyundo. Naye akagonga. Kipande kikaruka migombani, tukakitafuta kwa magoti hadi adhuhuri.

Nikasema basi, tukanunue kibanio cha kuikandamiza springi. Na kwa kuwa kiatu hakinunuliwi bila mguu, nikaibeba ile hedi mgongoni kwa kanga, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, tukaenda duka la vipuri Ngarenaro.

"Shikamoo bibi. Mtoto amelala?" akauliza muuza vifaa.

"Marahaba. Amelala, ana valvu nane. Mletee nguo yake."

Akaleta vibanio viwili. "Vyote sawa tu, bibi."

"Wewe na kaka yako mmetoka tumbo moja, na si sawa."

Cha kwanza kilikuwa na mdomo mfupi. Kilishika springi upandeupande, kikateleza. Cha pili mdomo wake uliivuka hedi yote, kutoka uso wa valvu mpaka juu ya springi, na kikombe chake kilikaa wima. Nilikaza skrubu mwenyewe, macho nusu nimefumba. Springi ikashuka taratibu, kama kifua cha mtoto anayetoa pumzi usingizini. Vipande vikalegea, nikavichukua kwa ncha ya kidole. Duka likawa mbali. Nilihisi mikono ya mume wangu juu ya yangu, na harufu ya grisi.

"Hiki," nikasema.

Jumamosi mwanangu akaja na jani la sale. Kwetu Wachaga, mtu akikujia na sale humnyimi msamaha. Ukimnyima, laana ni yako.

"Mama, nilikosa kumwahidi mtu bila kukuuliza."

Nikalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, mwanangu."

"Basi mnunuzi yuko getini. Aingie abebe?"

Kumbe! Jani la kuombea msamaha, yeye kaja nalo kuombea injini. Mjukuu wangu akaacha kusugua valvu, akanitazama. Nikamwambia mwanangu:

"Injini haitoki kwenye ua huu."

"Lakini mama, sale umelipokea!"

"Injini haitoki kwenye ua huu."