Fatuma Saidi Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kompyuta ya mkononi, kiti kisicho na meza, na onyo. "Hapa mteja akikuuliza jambo, ama jibu unalo ama unalitafuta," Mkurugenzi aliniambia. "Hakuna la tatu."

Kampuni yetu, Dar es Salaam, ilikuwa ya ushauri wa teknolojia. Taasisi ikitaka kuacha makaratasi, sisi ndio tuliochunguza kazi zake, tukaijengea mfumo wa kompyuta na kuwafundisha watu wake. Kuingia pale kulikuwa kugumu. Mimi, mtoto wa Mtanda, Lindi, nilisailiwa mara tatu. Mara ya mwisho waliniuliza zahanati ya kisiwani isiyo na mtandao itatumaje taarifa zake. Nikasema zihifadhiwe kwenye mashine, zisafiri na boti, zitumwe zikifika ng'ambo.

"Na boti ikizama?"

"Nakala ibaki kisiwani."

Wakaniambia nisubiri nje. Nilisubiri mpaka adhana ya alasiri ndipo nikaitwa.

Nilifanya kazi mikoa mingi, lakini inayonirudia moyoni ni ya hospitali moja upande wa Kilwa. Nilikuwa mpimaji, yaani mtu wa kuujaribu mfumo na kusaini kwamba uko tayari kabla haujakabidhiwa. Taarifa za wagonjwa tulikwishazihamisha kutoka kwenye majalada. Uzinduzi ulikuwa kesho yake. Maturubai yamefungwa, wageni wa mkoa wamealikwa.

Asubuhi hiyo nilikaa mapokezi nikitazama watu wanavyohudumiwa kwa majaribio ya mfumo. Muuguzi akasoma kwenye skrini, akaita, "Fatuma Saidi!"

Wakasimama wawili: bibi mwenye fimbo na binti mjamzito.

"Kaitwa yupi?" bibi akauliza.

"Wewe watoka wapi, bibi?"

"Somanga."

Muuguzi akageukia skrini. "Mbona humu yumo mmoja tu?"

Nikasogea. Tulikuwa tumeuelekeza mfumo kwamba majina yakifanana basi ni mtu mmoja, katika pwani ambayo ukiita Fatuma Saidi sokoni utageukiwa na nusu ya akina mama. Mfumo ulibakiza taarifa mpya, za binti, ukafuta za bibi. Nikaomba jalada lake la zamani. Lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu: asichomwe penisilini, iliwahi kumzimisha. Kwenye skrini onyo hilo halikuwemo.

Meneja wa Mradi nilimkuta akipanga viti vya wageni, nikamweleza.

"Zuhura, tuzindue kwanza. Tutarekebisha wiki ijayo."

"Na bibi huyu akiletwa kesho kutwa hajitambui?"

"Wauguzi wanamjua."

"Wa zamu zote?"

Akasema taratibu, "Usiposaini, jina litakalopelekwa juu ni lako. Si langu."

Sikusaini. Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, nikamwambia mfumo haujawa tayari na kosa ni letu.

"Wageni nitawaambia nini?"

"Waambie nimekataa mimi."

Uzinduzi ukaahirishwa, maturubai yakafunguliwa huku tunatazama. Tukarudia majalada yote, kila mgonjwa tukampa namba yake. Tulikuta wengi waliochanganywa vilevile.

Mwaka ule nilikuwa natarajia kupandishwa cheo. Aliyepandishwa ni yule Meneja wa Mradi. Hakuna aliyenikaripia, waliacha tu kunipanga kwenye miradi mikubwa, na hali hiyo ilidumu. Iliniuma. Baadaye nilikuja kukaa upande wa wanaosaili, nikagundua kuwa usaili wetu ulipima kila kitu ila uwezo wa mtu kusimama peke yake mbele ya wakubwa. Pengine hakuna swali la kupima hilo.

Sasa nimestaafu, nimerudi Mtanda. Nasra, binti wa kaka yangu, anajiandaa kwa usaili wa kampuni kama ile. Juzi nilimsimulia haya.

"Shangazi, yule bibi alikushukuru?"

"Alinigombeza. Aliniambia kompyuta zangu zimemkalisha mpaka jua limekuwa kali."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwomba radhi, nikambebea mfuko wake, nikamsindikiza mpaka barabarani akapate gari la Somanga."