Sifuri Mbele ya Nukta

Mimi ni mwoga wa karatasi zangu mwenyewe. Naziogopa tangu ile moja niliyoichapa Bariadi mjini ikapelekwa Nkololo, kwa baba yangu, anayechoma sindano mifugo ya kijiji.

Kazi yangu ni kompyuta. Ofisini tulikuwa na programu kuukuu ya kukadiria dawa ya homa ya kupe: unaingiza kipimo cha kifua cha ng'ombe, inakupa mililita. Dawa yenyewe haina mzaha, ikizidi sana mnyama haponi. Tulipoletewa kompyuta mpya, programu ile ikagoma. Nikaipitisha kwenye kitafsiri kinachohamisha maandishi kutoka lugha moja ya kompyuta kwenda nyingine, kisha nikaijenga upya kwa kompaila ya kisasa, chombo kinachogeuza maandishi hayo kuwa programu inayoendeshwa na mashine. Majibu ya zamani na mapya nikayalinganisha kwa mashine. Yakatoka sawa yote, nikajipongeza kwa soda.

Baba ana mtindo wake. Hataki karatasi karibu na ng'ombe, maana inalowa na kuchanika. Kwa hiyo kwanza hunakili kipimo kwa chaki ubavuni mwa kila mnyama, karatasi anaitia mfukoni, halafu anajaza bomba la sindano kwa kusoma ubavu. Na siku zote huanza na mnyama wa nyumbani kwake, ili majirani waone kwamba dawa ni salama.

Orodha ya Nkololo niliituma jioni. Asubuhi yake nikawa nachapa ya kijiji kingine, Migato, macho yakatua kwenye mstari wa ndama. Palipaswa kuwa na sifuri, nukta, tano. Palikuwa na nukta na tano tu. Kompaila ya zamani iliweka sifuri mbele, hii mpya haikuona haja. Kwa mashine hiyo ni namba ile ile, ndiyo maana ulinganishaji wangu haukupiga kelele. Nilipima thamani, sura ya namba sikuiangalia.

Nilitaka kucheka. Kisha nikaikumbuka chaki. Nukta ya chaki kwenye manyoya haionekani kabisa, na miaka yote ile ni sifuri iliyomwambia baba kwamba kipimo hakifiki moja. Sasa angesoma tano, mara kumi ya dawa anayostahili ndama.

Nikampigia, simu ikaita hadi ikakatika. Akiwa kazini huiacha kabatini. Nikachukua bodaboda, na njia nzima nilikuwa nahesabu ndama wa orodha ile: tisa. Nilimhimiza dereva mpaka akaniuliza kama kuna msiba.

Nilifika zizini bila hata kumwamkia kwa mwangaluka, na hilo peke yake lilimshtua baba. Ndama wanane walikuwa wamesimama kwenye foleni na wenye nao, kila mmoja na tano nyeupe ubavuni. Wa tisa alikuwa amelala pembeni, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Alikuwa mtoto wa ng'ombe niliyepewa na baba nilipomaliza chuo. Bomba lingine lilikuwa limeshajazwa.

"Baba, acha," nilisema. "Siyo tano. Ni nusu."

Alilitazama bomba, akamwaga dawa yote chini. Akanivuta kando, mbali na watu.

"Nilijua ni nyingi," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono wangu ulikataa. Nikasema, ng'wana wane, mwanangu, amesoma, mimi ni nani nibishane na karatasi yake?"

Ndama alikufa kabla ya saa sita mchana. Programu niliitengeneza siku iliyofuata, na haikunichukua hata dakika tano. Lakini mpaka leo kila orodha naichapa, naisoma kwa kidole, naichapa tena, na bado silali vizuri mpaka nisikie wanyama wamesimama.

Hofu hiyo naizoea. Nisiyoizoea ni ya pale zizini, majirani walipotuzunguka wakiuliza kimetokea nini. Baba aliinua mkono wake wenye vumbi la chaki, akawaambia amezeeka, ameandika vibaya. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, karatasi ya Migato mkononi. Niliogopa, nikanyamaza.