Chumba cha Dereva

Baba yangu aliendesha watalii miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpeleka mama safari isiyokuwa ya msiba, harusi au hospitali. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Ndivyo ilivyokuwa, na mama mwenyewe aliyasema haya waziwazi mbele ya wenzake wa kanisani, baba akiwa amekaa pale pale anakunywa chai.

Nyumbani kwetu ni Maji ya Chai, juu kidogo ya barabara kuu. Baba akichukua watalii uwanja wa ndege kuwapeleka Arusha mjini, alikuwa akipita hapo chini na kupiga honi mara mbili. Mama anainua kichwa, anasema, "Baba yenu huyo," kisha anaendelea kukata majani ya ng'ombe. Sisi watoto tulipunga mikono ingawa tulijua hatuonekani. Gari lilikuwa linaelekea hotelini na sisi tulikuwa tunarudi kwenye majani. Hasira ya mama ilianzia hapo, nami nilirithi kama robo yake.

Akirudi, baada ya siku sita au kumi, alitusimulia mahoteli. Hapo alikuwa fundi kwelikweli. Vitanda vyenye vyandarua vinavyoshuka toka darini mpaka sakafuni, mabafu makubwa kuliko jiko letu, mayai yanayokaangwa mbele yako namna unavyotaka mwenyewe. Hoteli aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Lushoto, kule milima ya Usambara. Alisema kuna chumba ambacho ukivuta pazia asubuhi unaiona tambarare yote ya Mombo, na barabara ya kwenda Dar, na ukungu uko chini yako badala ya kuwa juu. Hadithi ya pazia hilo mama aliisikia nadhani mara mia. Mara moja tu alimuuliza, "Na wewe ulipolivuta, ulinikumbuka?" Baba akasema alimkumbuka.

Mwaka jana baba aliacha kazi kwa sababu ya magoti. Mama akamwachia mwezi mmoja apumzike, halafu akatoa neno lake: anataka Lushoto. Siku chache, bila kukimbizana, kwenye chumba kile chenye pazia, mume wake akiwa pembeni. "Nimechoka kuolewa na honi," alisema.

Tulikaa kupanga Jumapili moja ya mwezi wa Juni, baada ya ibada, shule zimefungwa. Mimi nafundisha hesabu sekondari moja upande wa Kisongo, kwa hiyo nilikuja na mpango wangu kichwani: tunaondoka asubuhi, tunakula mchana Same, jioni tuko Lushoto. Baba alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayeelezwa na mtoto namna ya kuchemsha maji. Kisha akatoa daftari.

Ilikuwa programu kamili, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Siku ya kwanza, kuondoka saa kumi na mbili na nusu. Kusimama Himo dakika ishirini, choo ni kisafi. Kulala Same, maana barabara ya kupanda kutoka Mombo haipandwi jioni, ukungu unashuka kwenye kona na malori ya mboga yanateremka kwa fujo. Siku ya pili, Soni, maporomoko ya maji, picha dakika kumi na tano.

"Picha za nini?" mama akauliza. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anachambua.

"Wageni wanapenda kupiga picha pale."

"Wageni gani?"

Baba akafungua ukurasa wa pili kama hakusikia. Huko kulikuwa na chakula cha njiani: kila mtu boksi moja, yai, kipande cha kuku, juisi, ndizi moja. Mama alimtolea macho. Yeye mwenye ekari mbili za migomba akapewe ndizi moja ndani ya boksi? Yeye atabeba mkungu, na chupa ya chai, na blanketi. Baba akasema mkungu utachafua gari. Nikasema gari ni langu na mkungu ruksa. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimewazoea wakigombania ada, paa na ng'ombe. Sikuwahi kuwaona wakigombania jambo zuri.

Ikaja zamu ya kupiga simu hotelini. Baba akanisukumia daftari, eti mwanamke akipiga hupewa vyumba vizuri. Nikaweka spika, nikailaza simu mezani. Dada wa mapokezi akauliza tunahitaji nini, nami nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Chumba kimoja cha mbele, wageni wawili, siku mbili. Na chumba kimoja cha dereva."

"Sawa dada. Dereva atakula na wageni au jikoni?"

Macho yangu yalishafika mstari wa chini, na mdomo ukasoma wenyewe. "Jikoni."

Dada akasema ameshaandika, karibuni sana, akakata simu.

Mikono ya mama ilikuwa imetulia juu ya ungo. "Dereva ni nani?" akauliza.

Tulikuwa watatu tu kwenye ile safari. Baba alilivuta daftari, akausoma ule mstari kama umeandikwa na mtu mwingine.

"Ni mkono tu, mama," alisema. "Mkono umezoea."

Mama akauweka ungo chini. "Basi nenda na wageni wako. Mimi siendi. Miaka yote umelala kwenye vyandarua vya kifalme, hukunipeleka, nikavumilia. Leo nimeomba safari moja tu, na wewe unaona heri ulale chumba cha dereva kuliko kulala na mimi."

Sauti haikupanda hata kidogo. Nilimjua mama yangu. Safari ilikuwa imekufa.

Baba alikunja na kukunjua pembe ya ukurasa. "Sijawahi kulala kwenye vile vyandarua," alisema mwishowe.

Tukamtazama.

"Tunalala nyuma. Kila hoteli ina chumba cha madereva. Vitanda vinne, sita, inategemea. Hapo Lushoto kiko nyuma ya jikoni, hakina dirisha. Mnaacha mlango wazi mpate hewa."

"Na pazia?" mama akauliza.

"Alinisimulia bibi mmoja wa Kijerumani, asubuhi, tukingoja injini ipate moto. Mimi chumba chenyewe sijakiingia." Alikuwa akiongea na daftari. "Nikirudi mlikuwa mnaniuliza. Watoto wamekaa hapo sakafuni wananisubiri. Ningewaambia nini?"

Niliona aibu, tena aibu hasa, maana aliyekuwa akiuliza sana ni mimi. Yale mayai niliyahadithia shule nzima ya msingi na nikapata marafiki kwa sababu hiyo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anayelala kwenye vitanda kama vile anarudi nyumbani akilalamika mgongo. Nafundisha hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa mbele yangu tangu nina miaka saba.

Mama aliuokota ungo, akaendelea kuchambua, taratibu. Alikuwa amemkasirikia mtu kwa miaka mingi na sasa anaambiwa mtu huyo hakuwepo.

"Na mayai?" akauliza.

"Ya kuchemsha. Yakibaki."

Nikachukua simu nirekebishe vyumba. "Acha," mama akasema. "Usibadilishe kitu."

"Mama, lakini dereva..."

"Kuna chumba cha wageni wawili. Wageni ni mimi na baba yako. Dereva ni wewe."

Baba akaanza kusema kwamba barabara ile ina kona ambazo mtu asiyezijua hawezi. Mama akasema nitakwenda polepole, tena jikoni nitakula vizuri kuliko wao.

Siku ya kuondoka, baba alimfungulia mama mlango wa nyuma, akaweka kiganja juu asije akagonga kichwa, kama alivyowafanyia watu maelfu. Mama akaingia, akasogea mpaka dirisha la pili, akapigapiga kiti. Baba aliutazama usukani. Akanitazama mimi. Halafu akaingia. Mpaka Himo alikuwa akikanyaga breki isiyokuwepo na kunitangazia kila tuta. Tulipoipita Mwanga mama alikuwa amesinzia begani kwake, na matuta akaacha kuyatangaza.

Tulifika Lushoto kesho yake kabla ya saa sita mchana, na picha za Soni tulipiga, za mama na mkungu wake. Dada wa mapokezi aliwapa wazee ufunguo wa juu, akaniambia, "Dereva, zunguka nyuma." Nikazunguka. Chumba kilikuwa na vitanda vinne na harufu ya vitunguu. Sijakaa sawa, nikasikia magoti ya baba yakija taratibu kwenye changarawe. Alikuwa hata hajapanda kukiona chumba chao.

Alibonyeza godoro kwa ngumi. Alijaribu taa. Nikamwambia aende, mama yuko juu na pazia limefungwa, alishasema njiani kwamba halivuti peke yake. Hakuondoka. Alikuwa anatazama ukutani, palipotobolewa kidirisha cha wavu kinachotazama mitungi ya gesi. Akapitisha kidole kwenye fremu yake.

"Wameweka dirisha," alisema.

Kisha akaenda kumvutia mama pazia.