Maylene na Orodha ya Mahabusu

Maylene Stidham hakuwa mbea. Ukimwita mbea atakukatalia mpaka mishipa ya shingo imsimame, kwa sababu yeye, kwa maneno yake mwenyewe, haongezi chumvi wala hapunguzi, anasoma kilichoandikwa. Na kweli kilikuwa kimeandikwa. Kila alfajiri gereza la kaunti liliweka orodha mpya kwenye mtandao: picha ya aliyeingia, majina yake yote, umri, saa aliyoandikishwa na kosa analotuhumiwa. Yeyote aweza kuifungua, na kule milimani Kentucky watu huifungua kabla hata ya kuangalia kama mvua itanyesha.

Alikuwa mpishi wa shule, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Akishaingiza trei za mikate midogo kwenye oveni, alijifuta unga mikononi, akavaa miwani na kushika simu. "Haya jamani, tuone nani kalala kwa serikali." Opal Caudill, aliyeosha masufuria upande wa pili wa jiko, alikuwa na jibu lake: "Soma dada, tucheke kabla hatujachekwa." Lakini tangu mwezi uliopita Opal alikuwa hajibu tena, na Maylene alijifanya haoni.

Mwezi uliopita orodha ilikuwa na Kaylin, mjukuu wa Opal, miaka kumi na tisa, ameshikwa dukani kwa wanja na rangi ya midomo. Jikoni Maylene hakumsoma. Alijiona muungwana kweli kweli kwa hilo. Alimweka mpaka Jumatano.

Jumatano jioni kanisani kwao huombea watu wao walioingia gerezani wiki ile, na mchungaji, Ndugu Estill, alikuwa amempa Maylene kazi ya kuleta majina, maana nani mwingine aliyajua kama yeye. Aliyaandika kwenye kadi kwa mwandiko mzuri. Na kwa kuwa kule milimani majina yanafanana mno, aliongeza na mtoto wa nani, ili Mungu asikosee nyumba. Hivyo ndivyo alivyosoma siku ile: "Kaylin Caudill, miaka kumi na tisa, mjukuu wa dada yetu Opal, wizi wa vipodozi." Opal alikuwa safu ya mbele. Aliangalia viatu vyake mpaka amina. Maylene akadhani maombi yamemgusa.

Baada ya wiki mbili ilionekana kuwa binti alikuwa amelipa, risiti ikapatikana, kesi ikafutwa. Orodha ya gereza haina mahali pa kuandika habari kama hiyo. Picha hushuka tu siku hadi siku, mpaka ianguke ukurasani. Na kadi ya Maylene nayo haikuwa na mahali.

Sasa, Jumatatu moja ya Oktoba, alivaa miwani kama kawaida, akapandisha picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa ya Dorsey, mwanawe wa pekee. Dorsey Lee Stidham, miaka thelathini na nne, kuendesha gari akiwa amelewa. Alikuwa na shati la gereza la rangi ya chungwa, nywele timtim, macho ameyapeleka pembeni kama enzi zile za utoto akivunja sahani.

Miaka miwili alikuwa hajagusa pombe. Maylene mwenyewe alisimama mbele ya kanisa kushukuru, watu wakapiga makofi, akavua miwani akaifuta. Tuseme ukweli wake, maana baadaye aliusema mwenyewe: pale jikoni hakujiuliza kwanza kama mtoto ameumia. Alijiuliza nani mwingine ameshaiona picha.

"Vipi leo?" Opal aliuliza, mara ya kwanza baada ya mwezi mzima.

"Leo hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna wa maana."

Opal alikausha mikono yake polepole. Simu yake ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa aproni. "Haya," akasema, akarudi kwenye masufuria.

Alasiri ile Dorsey aliachiwa, akaja kwa mama yake kwa miguu, gari likiwa limebaki kwa polisi. Alikula maharage akiwa amesimama. Maylene alimzungukazunguka akifuta meza iliyokuwa safi.

"Jumatano nitakuja kanisani," Dorsey alisema.

"Jumatano hii pumzika, mwanangu. Umechoka."

"Utanitaja?"

"Nikutaje wapi?"

"Kwenye kadi, mama. Pamoja na wengine." Alikuwa anakwangua bakuli lililokwisha. "Nilikunywa. Sijasingiziwa. Lakini nilivyokuwa mle ndani nilijiambia, angalau Jumatano nitatajwa. Watu wote wale wameshikana mikono, wanasema jina langu. Ndiyo nikaweza kulala."

"Tutaona."

"Tutaona ni hapana ya akina Stidham."

"Dorsey, kula."

"Nimemaliza zamani."

Basi ikawa siku mbili za mateso. Maylene aliandika kadi mara tatu. Wiki ile walikuwa saba, na kila mara Dorsey alikuwa wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko wenzake, kama mgeni aliyekaribishwa shingo upande. Alijiapiza kwamba atamsoma. Akiwa ndani ya gari kuelekea kanisani alijaribu kwa sauti: Dorsey Lee Stidham, mtoto wa... Hapo aliishia. Maneno hayo "mtoto wa" alikuwa ameyasema mara mia na hayakuwahi kumshinda, kwa sababu yaliyofuata yalikuwa majina ya watu wengine.

Kanisa lilikuwa limejaa kupita kawaida ya Jumatano. Alijua kwa nini. Hata wale wanaokuja Pasaka tu walikuwepo. Ndugu Estill akasema, "Dada Maylene, tuletee majina yetu."

Alisimama. Alisoma vizuri, kwa ile sauti yake ya huruma. Alimsoma Virgil Napier, mtoto wa marehemu Roscoe, aliyechoma ghala la jirani. Alisoma ndugu wawili walioiba nyaya za shaba. Wa sita akapita. Akafika kwenye zile herufi ndogo, akainua macho, na safu ya mbele alikuwa Opal, amekaa wima, anamtazama bila chuki na bila huruma, anangoja tu.

Maylene alikunja kadi. "Ni hao tu."

"Wote hao, dada?" Ndugu Estill aliuliza kwa upole. Alikuwa anampa nafasi ya pili, kila mtu alilijua hilo, na Maylene pia.

"Wote, ndugu."

Wakashikana mikono, wakaomba. Walimwombea mchoma ghala, wakawaombea wezi wa nyaya. Baada ya amina Maylene aligeuka, akamwona Dorsey amesimama mlangoni na shati lake safi, kofia mkononi. Hakujua amefika saa ngapi. Kwa alivyokuwa anamtazama, alifika mapema vya kutosha.

Maylene alimkuta nje kwenye changarawe, ameshaanza kuondoka.

"Nilitaka kukusitiri, mwanangu."

"Picha yangu iko kwenye simu ya kila mtu humo ndani, mama. Unanisitiri kwa nani?"

Maylene alimshika mkono wa shati.

"Virgil kachoma ghala zima," Dorsey alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimuuma zaidi. "Na yeye umemtaja. Mpaka baba yake marehemu umemtaja."

"Rudi ndani. Nitawaambia. Nitasema sasa hivi."

"Nenda ukale na wenzako, chakula kitapoa." Akavaa kofia, akashika barabara. Kwake palikuwa maili nne na jua lilikuwa limekaribia mlima.

Maylene alirudi ndani. Watu walikuwa wameshapanga foleni ya chakula cha baada ya maombi, maharage na mkate wa mahindi, vijiko vinalia. Hakwenda mbele. Alisimama pale pale karibu na meza ya chakula, bila kufungua kadi.

"Kuna mmoja nimemruka."

Watu wakageuka.

"Dorsey Lee Stidham. Miaka thelathini na nne. Mtoto wangu. Kuendesha gari akiwa amelewa. Nimemruka kwa sababu nimeona aibu. Wenu wote nimewasoma, wangu nimemficha. Na alikuwepo. Alisimama mlangoni akanisikia."

Ndugu Estill aliweka sahani yake chini. Watu waliangalia sakafu, na Maylene akajua kwa mara ya kwanza macho hayo ya sakafuni yana maana gani. Opal peke yake ndiye aliyesogea. Alitoka kwenye foleni, akachukua koti lake, akatafuta funguo za gari kwenye mkoba.

"Amepita njia gani?"

"Ya darajani. Ngoja, Opal, nitamfuata mwenyewe."

"Wewe kaa."

"Ni mtoto wangu."

"Ndiyo maana kaa. Saa hizi anahitaji mtu wa kumpeleka nyumbani bila kumuuliza kitu." Opal alivaa mkono mmoja wa koti, akahangaika na wa pili. Maylene alinyoosha mkono kumsaidia, Opal akaukwepa, akamalizia kuvaa mwenyewe.

"Opal, yule Kaylin—"

"Kaylin nilimpeleka hivyo hivyo, Jumatano ile. Na yeye alikuwa amesimama mlangoni. Wewe ulikuwa unasoma, hukumwona."

Akatoka. Gari likasikika linageuka kwenye changarawe. Mtu mmoja akamsogezea Maylene kiti, naye akakaa.